Ukiwa Nairobi, usiishie nje ya Archives

Leo safu yetu inavuka mpaka wa Namanga kidogo. Lakini usianze kukuna kichwa, sikupeleki Gikomba kuchagua mitumba, wala sikupeleki disko. Nakupeleka kwenye jumba moja ambalo watu wa Nairobi wote wanalijua, ila wengi wao wanalijua kwa nje tu.

Kila mji una mahali pake pa kukutania. Hapa Dar ukimwambia mtu "nisubiri pale Mnara wa Askari," hata kama ametoka bara jana, atafika. Nairobi neno lao ni moja tu: "Archives". Mtu anakwambia tuonane Archives, simu inakatwa, habari imekwisha. Ni jumba la kale, kubwa, lipo kando ya Moi Avenue katikati ya jiji. Enzi za mkoloni lilikuwa jengo la benki, Bank of India, na sasa ndimo zinamotunzwa nyaraka za taifa la Kenya. Taasisi yenyewe iliundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya uhuru.

Sasa nenda pale jioni uone. Vijana wamevaa wakapendeza wanawasubiri wachumba zao, kila dakika macho kwenye saa. Mhubiri anapiga kelele na Biblia mkononi. Muuza karanga yupo, mpiga debe wa matatu yupo, na yule asiyemsubiri mtu yeyote naye yupo, ameegemea ukuta anaangalia wapita njia. Watu ni wengi kama siasa! Lakini waulize, "Jamani, humu ndani kuna nini?" Wengi watakujibu, "Si makaratasi ya serikali."

Mimi niliingia kwa sababu ya jua. Kuna dada yangu, mtoto wa shangazi, anaishi kule, tuliahidiana saa nane kamili. Saa nane na nusu nampigia, ananiambia, "Niko karibu, kuna jam." Ndugu zangu, mtu wa Nairobi akikwambia yuko karibu, tafuta pa kukaa. Nikaona mlango uko wazi, nikalipa kiingilio kidogo, begi nikaacha mlangoni, nikapita.

Kumbe wee acha tu! Nilitegemea vumbi na mafaili. Badala yake ukumbi mzima wa chini ni sanaa. Vinyago vya Afrika Magharibi, sura ndefu zenye macho ya kufumba. Vigoda, mikuki, ngao, shanga, nguo za kufumwa ambazo mtu ukiziangalia unajiuliza aliyezifuma alikuwa na macho mangapi. Vimetoka pande nyingi za Afrika, si Kenya peke yake. Na kulikuwa kimya, yaani hatua tano kutoka kwenye zile kelele za matatu unasikia viatu vyako mwenyewe.

Alikuwapo mama mmoja mhudumu, ameketi kwenye kiti chake. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akacheka, akaniuliza, "Wewe ni wa Tanzania, sivyo?" Shikamoo yetu ile haijifichi. Kisha akaniuliza swali lililonipotezea raha ya kutembea tembea tu: "Unajua hivi vyote vilikuwa vya nani?"

Nikajibu vya serikali, basi.

"Mwanangu," akasema, "hivi vilikuwa vya mtu mmoja."

Mtu huyo ni Joseph Murumbi. Sasa msomaji wangu kama jina hilo hulijui, huko peke yako. Sisi tuliosoma sekondari zetu tulikaririshwa Jomo Kenyatta, Oginga Odinga, Tom Mboya, tukafanya mtihani, tukasahau. Murumbi hakuwamo kwenye daftari langu. Na huyu bwana alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, halafu akawa Makamu wa Rais!

Alizaliwa mwaka 1911 Eldama Ravine, kwenye Bonde la Ufa. Baba yake alikuwa Mgoa, mfanyabiashara mwenye asili ya India, na mama yake Mmasai. Akiwa bado mtoto mdogo alipelekwa India kusoma, akakulia huko. Aliporudi Kenya akiwa kijana, mkoloni alikuwa ameshapanga watu kama sahani kabatini: Mzungu juu, Muasia katikati, Mwafrika chini. Mshahara ulifuata rangi, hospitali ilifuata rangi, hata mtaa wa kulala ulifuata rangi. Kijana huyu jina lake la baba lilikuwa Zuzarte, angeweza kukaa ile sahani ya katikati akajilia zake. Yeye akachukua jina la upande wa mama, Murumbi, akasema mimi ni Mwafrika. Fikiria hapo. Leo wapo watu wanaobadili jina ili wapande. Huyu alibadili jina ili ashuke, kwa hesabu za wakati ule.

Oktoba 1952 mkoloni akatangaza hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau, viongozi wa chama cha KAU wakakamatwa, Kenyatta akiwa wa kwanza kwenye orodha. Nani abaki kushika ofisi? Murumbi akawa kaimu katibu mkuu. Pamoja na rafiki yake mmoja, nitamtaja sasa hivi, akahangaika kutafuta mawakili wa kumtetea Kenyatta kule Kapenguria. Mwaka uliofuata akaondoka nchini, akaishia London, na akakaa uhamishoni huko karibu miaka tisa.

Na hapa ndipo zile sanaa zinapoanzia. Kule London, Murumbi alikuwa akipata nafasi anaingia kwenye maduka ya vitabu vya zamani na ya vitu vya kale, na anakuta mali za Afrika zimepangwa zinauzwa. Vitabu vilivyoandikwa na wapelelezi na wamisionari, vinyago, ramani. Vitu vilivyotoka kwetu, vingine kwa kununuliwa na vingine kwa bunduki, vinamsubiri Mzungu mwenye pesa. Yeye pesa nyingi hakuwa nazo, alikuwa mkimbizi wa siasa anayefanya kazi ya ofisini. Lakini akaanza kununua kidogo kidogo. Mke wake, Sheila, Mwingereza aliyekuwa mkutubi, akamsaidia kupanga vitabu. Mpaka anafikia uzee alikuwa na vitabu zaidi ya elfu nane vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900. Elfu nane! Mimi kabatini kwangu nina vitabu kumi na moja, na vitatu ni vya kuazima.

Sasa turudi kwa yule rafiki. Jina lake Pio Gama Pinto, mzaliwa wa Nairobi, mwaka 1927, mwenye asili ya Goa, mwandishi wa habari na mpiganaji wa uhuru. Mkoloni alimweka kizuizini miaka kadhaa, kuanzia 1954, mojawapo ya sehemu hizo ni kisiwa cha Manda kule Lamu. Baadaye akaanzisha kampuni ya magazeti ya Pan African Press, ikatoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Sauti ya Mwafrika. Akawa mbunge. Alikuwa akisema waziwazi kwamba ardhi iliyopiganiwa iwafikie wasiokuwa nayo, isiishie kwa wakubwa. Tarehe 24 Februari 1965, asubuhi, akiwa ndani ya gari lake nje ya nyumba yake, mtaa wa Westlands, alipigwa risasi akafa. Binti yake mdogo alikuwa kiti cha nyuma. Pinto alikuwa na miaka 37.

Kenya huru ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili.

Murumbi wakati huo alikuwa waziri. Mei 1966 Kenyatta akampa umakamu wa rais, kiti alichokiacha Oginga Odinga. Wewe na mimi tungefanya sherehe ya wiki nzima. Yeye, kabla mwaka haujaisha, akajiuzulu. Sababu iliyotangazwa ilikuwa afya. Waliokuwa karibu naye wamesimulia mengine: kwamba kifo cha Pinto kilimvunja moyo, na kwamba hakupenda namna wenzake walivyoanza kujilimbikizia mali. Januari 1967 kiti kile kikaenda kwa Daniel arap Moi, ambaye mwaka 1978 akawa Rais. Murumbi akarudi kwenye vinyago na vitabu vyake. Mwaka 1972 akaungana na Mmarekani mmoja, Alan Donovan, wakaanzisha African Heritage, duka na ukumbi wa sanaa uliokuja kujulikana dunia nzima, mahali ambapo msanii wa Kiafrika aliweza kuuza kazi yake kwa heshima.

Sasa unaona, mama yule mhudumu alikuwa ananionyesha nini. Ukiingia makumbusho na kuangalia kinyago tu, utasema kizuri au kinatisha, halafu basi, unakwenda. Lakini ukiuliza nani alikinunua na kwa nini kiko hapa na si London, kinyago kinaanza kusema. Vitu vile vyote vipo Moi Avenue kwa sababu mtu mmoja aliamua visiende, na vingine akavirudisha. Na mtu huyo hakuwa tajiri aliyekuwa anatafuta mapambo ya sebuleni. Alikuwa ameona nchi yake ikipata uhuru na rafiki yake akiuawa ndani ya uhuru huohuo, na akaona kuna kitu kimoja bado anaweza kukiokoa.

Nikagundua jambo lingine pale ndani. Vibao vya maelezo vingi vinakupa kabila na nchi. Kinyago, kabila fulani, nchi fulani. Jina la aliyechonga halipo. Hii nayo ni historia, tena chungu. Waliokuja kununua au kunyakua zamani zile hawakuuliza, "Fundi, unaitwa nani?" Wao waliandika kabila, wakafunga sandukuni. Ndiyo maana tunamjua kwa jina mchoraji wa Italia wa miaka mia tano iliyopita, lakini babu aliyechonga kigoda kile hatumjui hata kwa herufi moja.

Nilipotoka nje, dada yangu alikuwa ameshafika, amenuna eti nimemchelewesha. Yeye! Nikamwambia yote niliyoyaona. Akaniambia, "Mimi napita hapa kila siku tangu nimalize shule, sijawahi kuingia." Nikamwonyesha sanamu ya Tom Mboya, ambayo iko palepale kando, iliwekwa mwaka 2011. Ile anaijua, wamepigia picha sana. Mboya alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, kwenye barabara hiyohiyo, wakati huo ikiitwa Government Road, hatua chache tu kutoka inaposimama sanamu. Alikuwa na miaka 38. Kwa hiyo wale wote wanaosubiriana Archives kila jioni wanasubiriana katikati ya vifo viwili: mmoja una sanamu nje, mwingine unajificha ndani ya mkusanyiko wa rafiki yake.

Siku ya pili tukaenda pamoja sehemu nyingine inayohifadhi vitu vya Murumbi, inaitwa Nairobi Gallery, iko Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Ni jengo dogo la mawe lililojengwa mwaka 1913, ofisi ya mkoloni ambako watu waliandikisha vizazi, ndoa na vifo. Ndani kuna vinyago, nguo, samani zake na stempu zake za Kiafrika, maana mzee huyu alikusanya mpaka stempu. Umaridadi mtupu. Lakini toka mlangoni uinue macho. Limesimama ghorofa refu la Nyayo House, ambako watu wanapanga foleni ya pasipoti. Chini ya jengo lile, miaka ya 1980 mpaka mwanzo wa miaka ya 1990, kulikuwa na vyumba vya giza ambamo watu walioshukiwa kuipinga serikali walifungiwa na kuteswa. Mwaka 2003 vyumba vile vilifunguliwa wananchi wakaona. Mkusanyiko wa mtu aliyejiuzulu uko upande huu, na mateso ya miaka iliyofuata yako upande ule, unaweza kurusha jiwe likafika. Hakuna mwalimu aliyepanga hivyo. Mji wenyewe umejipanga.

Sasa nisikufiche, hadithi hii ina sehemu inayouma. Katikati ya miaka ya 1970 Murumbi aliiuzia serikali ya Kenya mkusanyiko wake pamoja na nyumba yake ya Muthaiga. Angeweza kuuza nje kwa pesa nyingi zaidi, lakini alitaka vibaki Kenya. Makubaliano yalikuwa nyumba ile itunzwe, na pale pajengwe chuo cha kujifunzia mambo ya Afrika, vijana waje wasome vile vitabu. Vitabu na sanaa vikaokoka, ndivyo hivyo tunavyoviona Archives. Nyumba haikuokoka. Iliachwa ikachakaa, miti ya asili aliyoitunza ikakatwa, mwishowe nyumba ikabomolewa. Chuo hakikujengwa. Mzee alifariki Juni 1990. Aliomba azikwe karibu na Pinto, na ndivyo ilivyofanyika, wako City Park wote wawili. Mwaka 2009 ikafunguliwa pale bustani ya kumbukumbu yake, na sanamu za mawe zimesimama kati ya miti. Dada yangu akaniambia City Park anaijua kwa nyani wanaonyang'anya watu karanga. Basi safari ijayo tutapita kwa nyani, twende mpaka makaburini.

Msomaji wangu utasema, haya ni ya Wakenya, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Hebu mfikirie Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyekuja Dar kutafuta maisha na mwaka 1968 akaanza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alikuwa anauzia Oysterbay, na wanunuzi wake wengi walikuwa wageni. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, akafa. Miaka minne tu ya kazi, na jina lake likazunguka dunia. Michoro yake mwenyewe ya mwanzo mingi ilishaondoka kwenye masanduku ya hao wageni. Leo mtoto wa Tunduru akitaka kuona kazi ya mkono wa Tingatinga mwenyewe, si ya wanafunzi wala ya waigaji, aanzie wapi? Na Wamakonde wetu je, wale wazee wa mwanzo wa ujamaa, vile vinyago virefu vya watu waliobebana? Vilinunuliwa, vikafungwa kwenye magazeti, vikapanda ndege. Walionunua walilipa, hawakuiba. Swali ni nani kati yetu alinunua kimoja akakiweka kwa ajili ya wajukuu.

Najua utaniambia pesa hakuna. Ni kweli. Lakini Murumbi alianza akiwa mkimbizi. Na si lazima uanze na kinyago. Picha za harusi ya bibi na babu, kanga za zamani zenye maneno ambayo siku hizi hayachapwi tena, kadi ya TANU ya marehemu mjomba, ule mkeka uliosukwa na mama yake mama. Vitu hivi tunavitupa kila tukihama nyumba. Hebu kabla ya kutupa, andika nyuma yake kwa kalamu: cha nani, kimetengenezwa na nani, mwaka gani. Hasa jina la fundi, usilisahau. Ile kasoro ya wale wakoloni tusiirudie sisi kwa mikono yetu.

Na kwa wale vijana wenzangu mnaolalamika hamna pa kumpeleka mchumba bila kufilisika, leo nimewapa dawa. Hapa Dar Makumbusho ya Taifa ipo Mtaa wa Shaaban Robert, ilifunguliwa mwaka 1940, haijahama. Kamlipie kiingilio, mwende polepole, msikimbie kama mnakagua mahindi. Simameni mbele ya vitu vitano tu, na kwa kila kimoja ulizaneni maswali matatu: nani alikitengeneza, nani alikileta hapa, na kwa nini hakikwenda kwingine. Mkikosa jibu, muulizeni mhudumu. Wale watu wanakaa siku nzima wakisubiri mtu awaulize, na wanajua mambo ambayo hayapo kwenye vibao. Mchumba asiyekuwa na hata swali moja mbele ya vitu vile, ndugu yangu, mchunguze vizuri kabla hujapeleka posa.

Ukibahatika kufika Nairobi, fanya miadi yako Archives kama kawaida, ila wahi nusu saa. Mwenzio atachelewa tu, hilo nakuhakikishia. Hiyo nusu saa mpe mzee Murumbi.

Wiki ijayo, panapo majaaliwa, nina jambo la wapangaji na mita moja ya luku. Kaeni salama.